Nyumba Iliyong'aa Bila Taa

Albertine alikuwa bado hajatua beseni la matembele kichwani wakati wifi yake Léa alipomwita kutoka mlango wa nyumba ndogo ya nyuma. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana, na jua la mtaa wa Makomeno lilikuwa bado kali juu ya mabati. Léa alikuwa ameshika simu kwa ncha za vidole, kama mtu anayemshika panya aliyekufa kwa mkia.

"Mama Daniella, kuya uone. Kuya uone kitu mutoto wako amefanya."

Simu ilikuwa ya Albertine mwenyewe, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni, ambayo alikuwa amewaachia watoto. Ndani yake kulikuwa na ule mchezo wa vitofali ambao watoto wote wa avenyu walikuwa wakiucheza: unachimba, unakata miti, unajenga unachotaka. Albertine aliujua kwa mbali tu, kwa kelele zake. Sasa aliteremsha macho kutazama, na alichokiona kilimfanya ashike ukuta.

Aliona parseli yao, kiwanja chao chote. Geti la bluu, parachichi upande wa kushoto, bomba la maji, nyumba kubwa mbele na ndogo nyuma. Juu ya kila mlango palikuwa na kibao chenye jina. Papa na Mama. Daniella. Tantine Léa. Nono. Ndani ya chumba cha Nono kulikuwa na kitanda kimoja chekundu, na kando ya kitanda alisimama mtu wa kijani, nguo zimechakaa, mikono ameinyoosha mbele, uso ameuelekeza kwenye mto. Chumba kizima kilikuwa cheupe kama saa sita mchana. Hakikuwa na dirisha, wala taa hata moja.

"Huyu muntu iko anafanya nini mu chumba ya mutoto wangu?" Léa aliuliza. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Albertine.

Nyuma yake, juu ya mkeka, Nono mwenyewe alikuwa amelala. Alikuwa na miaka sita, na tangu Jumanne mwili ulikuwa unamwaka. Asubuhi yote alikuwa akisema kwamba watu waliokufa wanaingia chumbani kwake. Léa alidhani ni homa inayosema, mpaka mtoto alipoinua kidole akaonyesha simu.

"Ni jeu tu, muchezo ya simu, Mama Nono," Albertine alijibu. "Ni mambo ya batoto."

"Jeu inajua jina yangu? Jeu inajua kitanda ya mutoto wangu iko wapi?" Léa alimsukumia simu kifuani. "Mutoto wako ametubeba sisi bote, ametuweka mule ndani pamoja na bantu ba kufa. Na mutoto wangu iko anawaka moto siku ya tatu. Nimemuita Mama Chama. Jumapili, siku ya Mungu, tutamupeleka Daniella kule kwake, bamuombee."

Albertine alilitua beseni chini polepole.

Mama Chama alikuwa na chumba cha maombi ng'ambo ya reli, na kila mtu alijua mambo yalivyokwenda kule. Mtoto aliyeshukiwa uchawi alifungiwa siku tatu bila chakula wala maji, mpaka aseme alichofanya na aliyemfundisha. Mtoto mwenye njaa na kiu husema lolote. Gaëlle, binti wa avenyu ya nyuma, aliingia kule mwaka juzi akiwa mtoto wa kucheka ovyo. Alipotoka alikuwa amekubali kwamba alimla bibi yake kwa uchawi. Wazazi wake walimhamisha, na tangu hapo jina lake halikutajwa tena katika nyumba yao, kama vile hakuzaliwa. Daniella alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mikono kama mipini ya miko ya kusongea ugali.

Alphonse, baba yake, alikuwa shambani Lukafu akivuna mahindi, mahali ambapo simu haishiki. Hata hivyo Albertine hakuwa na hakika kwamba mumewe angemsaidia. Alphonse alimpenda dada yake Léa, na alikuwa mtu wa kutotaka maneno. Angesema: wamwombee tu, maombi yanamdhuru nani?

Albertine naye aliogopa, ila hakumwambia mtu. Ijumaa asubuhi alimtazama mwanawe akifagia uwanja, akajikuta anahesabu: nani aliugua mwaka jana, nani alianguka kwenye ngazi za kanisa, kuku walikufa mwezi gani, na siku hizo Daniella alikuwa wapi. Aliposhtuka kwamba anahesabu hivyo juu ya mtoto wa tumbo lake, aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Sokoni hakwenda.

"Weka fagio," alimwambia. "Leo hauendi masomo. Kaa hapa, washa ile jeu."

Daniella aliketi, lakini simu hakuigusa. "Tantine anasema mimi ni mulozi."

"Nani amekuambia?"

"Nimesikia. Ukuta iko nyembamba, mama."

Albertine alimsogezea simu. "Wale bantu ba kufa, ni wewe uliwaweka mu nyumba yetu?"

"Hapana. Banakuyaka benyewe."

Jibu hilo halikumtuliza hata kidogo. Lakini Albertine alikuwa mwanamke wa kutazama. Darasa alikuwa ameacha mapema, la nne tu, na kwa sababu hiyo macho yake yalifanya kazi ambayo kwa wengine inafanywa na daftari. Sokoni alijua mkono wa mteja utachagua nini kabla haujanyooka. Basi alivuta kigoda, akakaa bega kwa bega na mwanawe, akasema: "Nielezee tangu mwanzo. Polepole."

Mwanzo, Daniella alieleza, kila chumba kilikuwa na mienge. Katika mchezo ule unachonga mwenge kwa mti na makaa, unauchomeka ukutani, unawaka daima. Lakini Nono alikuwa mwoga wa giza. Kila waliposhuka chini ya udongo kuchimba mawe alilia na kuitupa simu, na ndiyo sababu kioo kilipasuka. Ndipo Syntiche, rafiki wa darasani, akampa paki.

"Paki ni nini?"

"Ni kama nguo, mama. Unavalisha jeu, vitu vinabadilika sura. Iko paki ya kubadili majani, iko ya kupamba kuta. Hii ya Syntiche inafanya kila mahali pa giza paonekane peupe."

Siku ile, alisema, Nono alicheka chini ya ardhi kwa mara ya kwanza. Akataka washuke tena na tena. Kisha akaanza kusema kwamba mienge inaharibu kuta, iko kama misumari. Basi waliing'oa yote, chumba kwa chumba. "Tulisema ni ya nini tena, kama sisi tunaona muzuri bila yenyewe?"

"Na hawa banaingiaka kufuatia nini?"

"Sijui. Zamani walikuwa wanabaki inje, mu pori. Sasa wanatokea ndani. Unaenda mbali kidogo, unarudi, unakuta bamesimama."

"Basi enda mbali. Urudi."

Walifanya hivyo asubuhi nzima. Albertine alimwambia mwanawe atembee mpaka ng'ambo ya mto wa vitofali, kisha arudi afungue mlango mmoja mmoja. Kila mlango ulipofunguka Albertine alirudi nyuma kidogo, hata alipojua kitakachokuwa nyuma yake. Chumba cha Nono, yupo. Chumba cha Léa, wawili. Chumba chake yeye na Alphonse, mmoja yuko pembeni anageuka taratibu, kama mzee anayetafuta miwani. Daniella aliwaua kwa upanga wake mdogo, akaondoka tena, akarudi, na walikuwapo tena.

Mara ya sita Albertine alishika mkono wake. "Jikoni hawaingii."

"Bado tu, mama. Wataingia."

"Tumerudi mara sita. Kwa bote wameingia. Jikoni hapana. Kule jikoni kuko nini?"

Daniella aliingia jikoni, akazunguka, akatazama nyuma ya kabati. Pale, mahali ambapo mtu hawezi kuona mpaka ainame, mwenge mmoja ulikuwa bado unawaka.

"Huu tulisahau kuutoa," alisema.

"Vua ile nguo."

"Nini?"

"Paki. Iondoe, nataka kuona nyumba ikiwa uchi."

Daniella alibonyeza hapa na pale, akangoja. Nyumba iliporudi kwenye kioo, mtoto alivuta pumzi kwa nguvu. Vyumba vyote vilikuwa vyeusi tii, vyeusi kama tumbo la chungu. Jikoni peke yake palikuwa na mwanga wa manjano.

"Kumbe iko giza," Albertine alisema. "Ilikuwa giza siku yote."

"Kumbe," Daniella alisema kwa sauti ya chini. "Paki haikutia mwanga. Ilikuwa inadanganya macho yetu tu. Jeu yenyewe inajua kama kuko giza, na ba-zombi, wale bantu ba kufa, banazalikaka mu giza."

Albertine alikumbuka kuta za nyumba ya mama yake, zilizopakwa chokaa nyeupe kila Pasaka huku mchwa wanakula miti ndani. Alielewa. Lakini kuelewa hakukuondoa hofu. Kuliigeuza tu upande. Sasa alijua mwanawe hana kosa, na alijua pia kwamba wasio na kosa ndio wanaofungiwa kule ng'ambo ya reli.

Mama Chama alikuja Jumamosi saa nne, mkoba begani na chupa ya mafuta mkononi. Alikuwa na sauti laini, sauti ya kumlaza mtoto. Alikaa barazani, akamtazama Daniella kwa huruma, akasema, "Mutoto, sisi hatukuchukii. Tunachukia ile iko ndani yako."

"Mbele ya kesho," Albertine alisema, "naomba muone kitu kimoja. Kama hamtaona, basi." Léa, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, akiwa amempakata Nono mapajani, alitikisa kichwa kwa kukubali bila kumtazama.

Daniella alifungua mchezo, akaonyesha nyumba nyeupe. Kisha akaivua paki, na giza likaanguka juu ya kila kitu.

Léa alipiga ukelele. "Ametuzima! Mama Chama, umeona? Ametuzima bote!"

"Nimeona," Mama Chama alisema. "Mukono yake inazima nyumba."

Kitu ambacho Albertine alikuwa amekiandaa usiku na mchana kilikuwa kimegeuka kuwa shahidi wa upande wa pili. Daniella aliiachia simu ikaanguka mapajani mwake, akaficha mikono yake kwapani kana kwamba inanuka. Ilikuwa mikono hiyo iliyofichwa ndiyo iliyomtia mama yake nguvu. Aliichukua simu, akavuka baraza, akaiweka kiganjani mwa Léa.

"Basi mukono yake isiguse tena. Shika weye."

"Mimi? Mimi sijui mambo ya—"

"Bonyeza pale kuko mwenge. Sasa bonyeza ukuta."

Léa alibonyeza. Chumba cha Tantine Léa kikafunguka kwa mwanga wa manjano, kitanda chake, kabati lake, hata kitambaa cha mlangoni ambacho Daniella alikuwa amekiiga kwa rangi ileile. Bila kuambiwa, Léa akaenda chumba cha Nono, akachomeka mienge mitatu. Akaongeza wa nne juu ya kitanda. Akaenda chumba cha Daniella, akasita, akachomeka mmoja. Alipofika kwenye mlango ulioandikwa Papa na Mama, Albertine alisema, "Hapo acha."

"Niache namna gani?"

"Chumba yangu ibaki na giza. Sasa valisha tena ile nguo, tuone muzuri. Daniella, muambie pa kubonyeza, kwa mudomo tu."

Nyumba yote ikawa nyeupe, chumba cha Albertine sawa na vingine, na mtu asingejua kipi kina taa na kipi hakina. Léa alimtembeza yule mtu wa mchezo, akigonga miti na kuomba radhi, mpaka ng'ambo ya mto. Akarudi. Alifungua mlango wake mwenyewe huku amefumba jicho moja. Hakuna mtu. Akafungua kwa Nono. Hakuna mtu. Kwa Daniella hakuna. Akafungua kwa Albertine.

Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amesimama juu ya kitanda, upande anaolala Albertine.

Albertine alikuwa amelitaka hilo, alikuwa amelipanga. Hata hivyo mdomo wake ulianza Salamu Maria wenyewe. Alijilazimisha asiondoe macho.

"Rudia," alisema.

Léa alirudia. Walikuwa wawili, chumbani mwa Albertine tu.

"Shetani naye anajua kujificha," Mama Chama alisema. "Anaweza—"

"Mama Chama, nyamaza kidogo. Niko nahesabu." Léa alirudia mara ya tatu, na ya nne. Kisha akainua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama wifi yake. "Weye hauogope kujiachia mu giza na vitu kama hivi?"

"Naogopa," Albertine alisema. "Lakini giza si ya mutoto. Ni taa ndiyo ilitoka. Na ile nguo aliivalisha sababu mutoto wako alikuwa analia, ndiyo taa zikatoka."

Mama Chama alifunga mkoba wake kwa utaratibu. Alisema chumba chake cha maombi kiko wazi daima, na kwamba mama asiyesikia husikia baadaye. Alipoelekea getini Léa hakumsindikiza. Lakini pia hakuinuka kumpa mkono Daniella.

"Kesho sitamupeleka," Léa alisema. "Lakini nasema mbele ya Mungu, Mama Daniella, usinielewe vibaya. Nono akipona, maneno imeisha. Asipopona, mimi mwenyewe nitamushika Daniella mukono, nimupeleke."

Daniella alisikia. Albertine aliona amesikia. Hakubishana, kwa sababu aliyeshinda nusu asipoteze muda kudai nusu iliyobaki. Aliingia ndani, akatoka na kitenge, akainama mbele ya Léa. "Nipe mutoto."

Alimfunga Nono mgongoni kama mtoto mchanga, miguu ikining'inia mpaka magotini mwake, na joto la yule mtoto likapenya nguo kama pasi. Tangu Jumanne Nono alikuwa amekunywa maji ya maombi tu. Pale kituo cha afya, Léa akiwa amefuata nyuma, walimchoma kidole, wakatazama damu, na muuguzi alirudi na karatasi yenye misalaba mitatu. Malaria, na kali.

"Bamama, mulikuwa munangojea nini?" aliuliza.

Léa alitazama sakafu.

Walimtundikia maji ya dawa. Jumapili nzima Nono hakufungua macho, na mchana mwili wake ulikakamaa, meno yakasagana, wauguzi wawili wakaja mbio. Albertine alikuwa amesimama ukutani na mikono kichwani. Kila tone lililoanguka ndani ya mrija alilisindikiza kwa macho, akisema moyoni: pona, pona. Na alipojichunguza aliona kwamba aliyekuwa akimwona si Nono aliyelala pale. Alikuwa akiona mlango wa chumba kile ng'ambo ya reli, na mikono myembamba ikiugonga kwa ndani. Alimwomba Mungu msamaha, akaendelea kuhesabu matone. Léa alisinzia begani mwake, na Albertine aliogopa hata kusogea, asije akamwamsha akiwa na wazo jipya.

Jumatatu asubuhi homa ilishuka. Jumanne walimrudisha nyumbani, macho makubwa, shingo kama ya ndege, akidai ugali na samaki.

Jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado juu ya paa za jirani, Léa alitoka akaketi kwenye ngazi yake. Daniella alikuwa bombani. Siku zote hizo alikuwa akizunguka parseli kwa kupitia nyuma ya choo ili asikutane na shangazi yake.

"Daniella," Léa aliita.

Mtoto alisimama palepale. Albertine, aliyekuwa akichambua matembele dirishani, aliacha mikono yake hewani.

"Niletee maji ya kunywa."

Mtu unayemshuku huwezi kunywa maji ya mkono wake. Hilo wanalijua hata watoto wa miaka mitatu. Daniella alisuuza kikombe mara mbili, akakijaza, akakibeba kwa mikono yote miwili, akapiga goti. Léa alikipokea. Alikishika kwa muda, akayatazama maji, akatazama mpaka chini ya kikombe. Kisha akanywa. Albertine alihesabu mafunda: moja, mbili, tatu. La nne Léa hakulimeza. Alisukutua mdomo, akalitema pembeni, na maji yaliyobaki akayamwaga mchangani kwa mkono mmoja, kama mtu yeyote anavyomwaga maji yaliyobaki, au kama mtu asiyetaka kuyamaliza.

"Asante," alisema, akarudisha kikombe.

Daniella alimtazama mama yake dirishani, akiuliza kwa macho. Albertine alimtikisia kichwa kwamba ni vema. Halafu akaendelea kuitazama ile alama ya maji mchangani, mpaka ilipokauka.